18,446,744,073,709,551,615: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu namba ya punje za sataranji

Hii ni namba gani, na ina nini cha ajabu?

Ni jumla ya punje utakazopata ukiweka punje 1 katika chumba cha kwanza cha ubao wa sataranji, 2 katika cha pili, 4 katika cha tatu, 8 katika cha nne, ukaenda hivyo maradufu kwa maradufu mpaka chumba cha 64. Kihesabu huandikwa 2⁶⁴ − 1, na ina tarakimu 20.

Wengi huishia kushangaa ukubwa wake. Kwangu mimi ukubwa si hoja, kwa kuwa namba yoyote ya tarakimu 20 ni kubwa. Uzuri wa hii ni kwamba inakunjika. Ukiukunja ubao katikati, namba nayo inakunjika. Ukikunja tena, inakunjika tena, mpaka unabaki na vipande sita mkononi bila kugusa kikokotoo. Namba ya kuokota njiani yenye tarakimu 20 haikufanyii hisani hiyo.

Inasomwaje?

Kwintilioni kumi na nane, kwadrilioni mia nne arobaini na sita, trilioni mia saba arobaini na nne, bilioni sabini na tatu, milioni mia saba na tisa, laki tano, elfu hamsini na moja, mia sita na kumi na tano. Nimetumia "laki" kwa makusudi. Ukisema "elfu mia tano hamsini na moja, mia sita na kumi na tano", msikilizaji lazima abahatishe elfu inakomea wapi, lakini laki inafunga mjadala.

Kwa nini kuna "kutoa 1"?

Kwa sababu kila chumba kina punje moja zaidi ya vyumba vyote vilivyokitangulia vikijumlishwa. Vitatu vya mwanzo vina 1 + 2 + 4 = 7, na cha nne kina 8. Vinne vina 15, na cha tano kina 16. Kwa hiyo jumla ya ubao mzima ni pungufu ya 1 kwa kile ambacho kingekuwa katika chumba cha 65, kama kingekuwapo.

Hapa wengi huteleza. Chumba cha 64 chenyewe kina 2⁶³, si 2⁶⁴, maana cha kwanza kilianza na 1, ambayo ni 2⁰. Punje zake ni 9,223,372,036,854,775,808.

Hadithi ya mfalme na mtu aliyebuni sataranji ni ya kweli?

Hadithi ni ya kale, ila hakuna anayeweza kuithibitisha kama tukio. Inavyosimuliwa, Sissa alimtengenezea mfalme wa Bara Hindi mchezo wa sataranji, akaambiwa aombe zawadi, akaomba punje kwa mpango huu wa maradufu. Mfalme akamwona mpumbavu, mpaka watunza ghala walipomletea hesabu. Katika masimulizi ya Kiarabu punje hizo ni za ngano. Mchele tumeuingiza sisi walaji wa wali.

Kinachonivutia zaidi ni watu walioishughulikia. Mwanahesabu al-Biruni, miaka 1,000 hivi iliyopita, aliitoa namba yenyewe kamili hadi tarakimu ya mwisho. Halafu katika karne ya 13 Ibn Khallikan, mwandishi wa wasifu za watu mashuhuri, akaandika kwamba hakuamini jumla kubwa namna hiyo, hadi alipokutana na mhasibu mmoja wa Iskandaria aliyemwonyesha. Mhasibu alihesabu punje moja moja mpaka chumba cha 16, akapata 32,768, akasema: tuziite hizi kipimo kimoja. Akaendelea kuongeza maradufu kwa vipimo, vipimo vikawa ghala, ghala 1,024 zikawa mji mmoja, na chumba cha 64 peke yake kikahitaji miji 16,384 iliyojaa ngano. Hapo akamuuliza kama dunia ina miji mingi hivyo.

Ndivyo mwenye duka anavyofanya kila siku: hahesabu punje, anahesabu vibaba, na vibaba vikizidi anahesabu magunia.

Kwa mchele wa dukani, ni kiasi gani?

Tuchukue punje moja kuwa na uzito wa miligramu 25, yaani punje 40,000 kwa kilo. Ni makadirio, kwa kuwa aina za mchele hutofautiana. Twende safu kwa safu, kila safu ikiwa na vyumba vinane.

Safu ya kwanza ikijaa una punje 255, gramu 6 hivi, hazifiki hata tonge. Mwisho wa safu ya pili ni punje 65,535, kilo moja na nusu na ushee. Familia inakula na majirani wanaonja. Mwisho wa safu ya tatu ni kama kilo 419, magunia manne ya kilo mia na kidogo juu. Safu ya nne, nusu ya ubao, inakufikisha tani 107. Mpaka hapo mfalme yeyote analipa huku anacheka.

Safu ya tano ikiisha ni tani 27,000 na ushee. Ya sita, tani milioni 7. Ya saba, tani bilioni 1.8. Ya nane, tani bilioni 461. Dunia nzima kwa mwaka huvuna mchele uliokobolewa kidogo zaidi ya tani milioni 500, hivyo deni la Sissa lingelipwa kwa mavuno yote ya dunia kwa miaka isiyopungua 800, watu wote wakiwa wamefunga.

Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli, lakini ile ni hesabu ya kujumlisha. Huku tunazidisha.

Je, ni namba tasa?

Hapana, wala haikaribii. Vigawo vyake tasa ni saba:

3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65,537 × 6,700,417

Hakuna kinachojirudia.

Mvunjo huo unapatikanaje bila kompyuta?

Wekeni sataranji pembeni kidogo, tuvute bao la Kiswahili. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kila mchezaji ana safu mbili. Kete zake ni 64, jambo ambalo huwa linanifurahisha ingawa hapa halitusaidii kitu. Sasa sahau sheria za mchezo, weka kete 1 shimo la kwanza, 2 la pili, 4 la tatu, na kuendelea.

Mashimo mawili yana 1 + 2 = 3.

Mashimo manne: mawili ya mbele ni nakala ya mawili ya nyuma, ila kila shimo limezidishwa kwa 4. Kwa hiyo jumla ni 3 + (3 × 4), yaani 3 × 5 = 15.

Safu nzima ya mashimo manane: nusu ya pili ni nakala ya nusu ya kwanza mara 16. Jumla ni 15 × 17 = 255.

Upande mzima wa mchezaji mmoja, mashimo 16: safu ya pili ni nakala ya ya kwanza mara 256. Jumla ni 255 × 257 = 65,535.

Bao zima, mashimo 32: upande wa mwenzako ni nakala ya upande wako mara 65,536. Jumla ni 65,535 × 65,537 = 4,294,967,295.

Na ubao wa sataranji ni mabao mawili yaliyounganishwa, la pili likiwa nakala ya la kwanza mara 4,294,967,296. Jumla ni 4,294,967,295 × 4,294,967,297, na hiyo ndiyo namba yetu.

Kila mkunjo umetoa kipande kimoja: 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297. Wenye kupenda fomula watatambua kwamba ni a² − 1 = (a − 1)(a + 1) iliyotumiwa mara kwa mara. Mimi bado naona mashimo yanaeleza vizuri zaidi.

Mbona 641 haimo katika vipande hivyo sita?

Imejificha ndani ya cha mwisho, na hapo pana kisa.

Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat alizitazama namba hizi hizi: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote ni tasa. Akaamini kwamba zinazofuata katika mtindo huo zitakuwa tasa zote, ingawa alikiri hana uthibitisho. Inayofuata ni 4,294,967,297. Karibu karne nzima ikapita. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417

na imani ya Fermat ikaishia palepale.

Usidhani Euler aligawanya kwa kila namba kuanzia 2. Kigawo tasa chochote cha 2³² + 1 lazima kiwe na umbo la 64 × k + 1, yaani kikigawanywa kwa 64 kibakishe 1. Orodha inaanza 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ukitupa zisizo tasa zinabaki 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu linafika. Fermat mwenyewe angeweza kulifanya kwa kalamu katika mchana mmoja, na sijui kama kuna mwanahesabu asiyemhurumia kwa hilo.

Kuna njia ya kuthibitisha 641 bila kugawanya namba ndefu?

Ipo, na ni tamu. Angalia 641 kwa macho mawili:

641 = 5 × 2⁷ + 1
641 = 5⁴ + 2⁴

Jicho la kwanza linasema kwamba 5 × 2⁷ ukiigawanya kwa 641 ni sawa na kubaki −1. Ipandishe kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ inabakisha 1, maana −1 ikizidishwa yenyewe mara nne ni 1. Jicho la pili linasema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Badilisha: −2⁴ × 2²⁸, yaani −2³², inabakisha 1. Basi 2³² inabakisha −1, na ukiiongeza 1 hakuna baki. Kwisha.

Na zile tano tasa zina kazi gani nyingine?

Carl Friedrich Gauss mwaka 1796, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo sawa la pembe 17 linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, jambo ambalo halikujulikana tangu Wagiriki. Siri iko katika kwamba 17 ni moja ya namba za Fermat zilizo tasa. Maumbo yenye idadi witiri ya pembe yanayochorwa hivyo ni yale tu ambayo idadi hiyo ni zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Zinazojulikana ni zile tano tu. Ukizizidisha zote unapata 4,294,967,295, jumla ya bao letu la mashimo 32, na hilo ndilo umbo lenye idadi witiri kubwa kuliko zote tunayojua kwamba linachorika. Kwa macho lingekuwa duara tu.

Ina vigawo vingapi kwa jumla?

128, ukihesabu 1 na yenyewe. Vigawo tasa ni saba na hakuna kinachojirudia; kwa kila kimoja unaamua kukichukua au kukiacha, hivyo ni 2 ikizidishwa yenyewe mara saba. Hata hivyo ni namba pungufu: ukijumlisha vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe, unapata kama asilimia 70 tu ya namba.

Nakaguaje kwa haraka inagawanyika kwa nini?

Kwa 3: jumla ya tarakimu ni 87, inagawanyika kwa 3 ila si kwa 9. Kwa 5: inaishia na 5. Hilo la kuishia na 5 si bahati, kwa kuwa vipeo vya 2 huishia 2, 4, 8, 6 kwa mzunguko, na 64 ikigawanyika kwa 4 mzunguko huwa umefika 6, toa 1. Kwa 7 inabaki 1, kwa 11 inabaki 4, kwa 13 inabaki 2.

Ni namba mraba? Ni ya pembetatu?

Si mraba. Mraba wowote wa namba witiri ukigawanywa kwa 8 hubakisha 1, na hii inabakisha 7. Baki hiyo ya 7 inazuia zaidi ya hapo: namba yetu haiwezi kuandikwa hata kama jumla ya miraba mitatu. Inahitaji minne kamili, na kwamba minne inatosha kwa namba yoyote alithibitisha Lagrange mwaka 1770.

Namba za pembetatu ni kama 15, ambayo ni 1 + 2 + 3 + 4 + 5. Ajabu ni kwamba vyumba vya mwanzo vya ubao hukutana nazo: 1, 3 na 15 zote ni za pembetatu. Ukifika chumba cha 12 unapata 4,095, ambayo ni jumla ya 1 hadi 90. Baada ya hapo haitokei tena milele. Ramanujan alilitupa swali hilo kwa sura nyingine mwaka 1913, na Trygve Nagell wa Norwei akalithibitisha mwaka 1948.

Kwa nini wanaoandika programu wanaijua kwa moyo?

Ukiiandika kwa 0 na 1 tupu, ni 1 sitini na nne mfululizo. Kompyuta nyingi za leo hushika namba nzima katika biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1, kwa hiyo hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia humo kama hakuna alama ya hasi. Ukiongeza 1 inageuka 0, kama mita ya gari kuukuu inavyorudi sifuri baada ya 999,999.

Alama ya hasi ikihitajika, biti moja huliwa na alama, na kikomo kinakuwa 9,223,372,036,854,775,807, yaani punje za vyumba 63 vya mwanzo. Biti zikiwa 32 zenye alama, kikomo ni 2,147,483,647. Desemba 2014 video ya Gangnam Style ilikivuka kikomo hicho kwa idadi ya watazamaji, na YouTube ikawa imehamia biti 64. Kwa kasi yoyote ya binadamu kutazama video, kikomo kipya hakitasumbua mtu.

Nikiiandika kwenye Excel tarakimu za mwisho zinageuka sifuri. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki huziweka sifuri, hivyo utaona 18446744073709500000. JavaScript, lugha ya kuandikia programu, nayo ikiipokea kama namba ya kawaida itakuonyesha 18446744073709552000. Ukitaka yote 20 kwenye Excel, iandike kama maneno, si kama namba, ila hutaweza kuifanyia hesabu. Lugha nyingine ya programu, Python, huishika kamili bila kulalamika; andika 2**64 - 1.

Wenye kuhifadhi namba ndefu za kumbukumbu kwenye jedwali, mfano namba za kadi za benki zenye tarakimu 16, wasome jibu hili mara mbili.

Naweza kuikokotoa kwa mkono?

Unaweza, na huhitaji kuongeza maradufu mara 64. Fuata njia ya al-Biruni, ya kuzidisha namba kwa yenyewe: 2, 4, 16, 256, 65,536, 4,294,967,296. Hatua ya sita ni kuzidisha hiyo ya mwisho kwa yenyewe, kisha kutoa 1. Tano za mwanzo ni za dakika chache. Ya sita inataka karatasi pana na utulivu.

Ukimaliza, kagua kwa kutupa tisa. Tarakimu za 4,294,967,296 zina jumla ya 58, kisha 13, kisha 4. Nne mara nne ni 16, kisha 7. Jibu la 2⁶⁴, kabla ya kutoa 1, lazima nalo liporomoke hadi 7: tarakimu zake zina jumla ya 88, kisha 16, kisha 7. Ukaguzi huu haushiki kila kosa, hasa tarakimu zilizobadilishana nafasi.

Mnara wa Hanoi unahusianaje na hii?

Édouard Lucas, Mfaransa, alitoa fumbo hilo mwaka 1883, la diski nane, likiambatana na hadithi ya mnara wa diski 64: diski zote ziko juu ya mti mmoja, uzihamishie mti mwingine moja moja, kubwa isikae juu ya ndogo. Kwa diski 64, hatua chache kabisa zinazowezekana ni namba yetu hiyohiyo. Ukifanya hatua moja kila sekunde bila kulala, unahitaji miaka bilioni 584, na ulimwengu wote una umri wa miaka bilioni 13.8.

Ukitazama kwa makini, ni ubao uleule umesimamishwa wima. Diski kubwa ya chini husogea mara 1, inayofuata mara 2, ya juu yake mara 4, hadi ile ndogo ya kileleni inayosogea mara 2⁶³.

Namba tasa iliyo karibu nayo ni ipi?

Chini yake ni 18,446,744,073,709,551,557. Juu yake ni 18,446,744,073,709,551,629.

Nikiunganisha mbao mbili za sataranji, mkunjo unaendelea?

Unaendelea bila kuchoka. Vyumba 128 vinatoa 2¹²⁸ − 1, ambayo ni namba yetu mara 18,446,744,073,709,551,617. Kipande hicho kipya nacho si tasa: ni 274,177 × 67,280,421,310,721. Thomas Clausen aliupata mvunjo huo mwaka 1855, na mwaka 1880 Fortuné Landry akaupata tena akiwa mzee wa miaka 82, kwa kalamu na karatasi.

Vipande vyote vilivyofuata ambavyo vimechunguzwa vikakamilika vimeonekana vinavunjika. Cha kwanza ambacho hali yake haijajulikana ni 2 yenye kipeo cha 8,589,934,592, jumlisha 1, namba yenye tarakimu zaidi ya bilioni 2.5.